Mmetoa Viti na Mtu Hajafa

Kaeni chini. Kaeni hapo kwa kochi, na msiogope kitambaa, hakiumi mtu. Nyinyi vijana mnakuja kwangu na simu zenu, mnanionyesha picha za nyumba nyeupe tupu, halafu mnaniuliza, Mama Akoth, hii pazia inashonwaje? Hiyo si pazia. Hiyo ni shuka mtu amesahau kuanua.

Mimi kazi nimeacha. Macho yamekataa kupitisha uzi kwa sindano, na cherehani nimempa Akoth, binti yangu, yuko nayo Kawangware kwa kibanda kile kile nilichokuwa nashonea mimi. Mimi niko huku Kisumu Ndogo, hapa hapa Nairobi, nanusa omena ya jirani na kungoja wajinga. Sijasema ni nyinyi. Lakini mmekuja.

Mnataka Skandi. Ndivyo mnavyoiita, Skandi, ni kama mlisoma naye. Nimeelezwa ni Skandinavia, kule juu kwa baridi, ambako jua huja kusalimia tu na kurudi. Mtu wa huko akipaka ukuta rangi nyeupe, namwelewa, anatafuta mwanga. Akiwasha mishumaa mchana, namwelewa pia, maana kwake kumeshaingia giza. Wewe wa mtaa wa Raila, ambaye jua linakuingilia kwa kila tundu la msumari kwenye mabati, mwanga unautafuta wa nini? Unapaka nyeupe, na jiko la makaa liko hapo hapo, na mtoto ametoka kucheza kwa matope. Ngoja mvua za Aprili zipite. Utakuwa umepata rangi nyingine na fundi hukumwita.

Wacha niwafundishe kazi kwanza, ili mkidharau mjue mnadharau nini.

Nyumba ya mabati huvalishwa. Hilo nilifundishwa na Mama Rispa, mwanamke wa hapa hapa Kisumu Ndogo, aliyenichukua nikiwa sijui hata kukanyaga cherehani bila gurudumu kurudi nyuma na kukata uzi. Alikuwa na mdomo, na mimi niliurithi pamoja na makasi yake. Akiingia kwa nyumba ya mteja, haangalii dirisha. Anaangalia sakafu, anaangalia dari, anaangalia jiko liko wapi, halafu anamwangalia mwenye nyumba toka juu hadi chini mpaka huyo mtu anaanza kujikuna. Ndipo anatoa tepu. Alisema dirisha halina habari yoyote ya kukupa, dirisha ni shimo tu.

Unaanza na katoni. Zile za sabuni ni nzuri, zinanukia. Unazikunjua, unazipigilia kwenye mbao za ukuta, ndizo zitakunywa jasho la mabati asubuhi. Juu ya katoni unaweka shiti, kile kitambaa cha kuvalisha ukuta. Shiti hiyo uwe umeifua kabla ya kuikata, maana ukiikata ikiwa mpya, siku ya kwanza ya kufuliwa itapanda ikuache miguu nje. Msumari haupigwi hivi hivi. Unaweka kifuniko cha soda chini ya kichwa chake, kile kifuniko ndicho kinashika kitambaa kisiraruke. Halafu chini unaacha nafasi ya kiganja, maji yakiingia yapite bila kugusa shiti, na panya naye umjue anapopitia. Mvua ikinyesha kwa nyumba iliyovaa, unaweza kuongea na mtu. Kwa nyumba iliyo uchi mnapigiana kelele mpaka mvua iishe, na mkimaliza hakuna aliyesikia.

Juzi kijana mmoja wa Silanga alivua shiti zote za nyumba yake. Akapaka mabati nyeupe kwa ndani, akatundika rafu moja ya mbao, akaweka mmea mmoja ndani ya chungu. Mmea, jamani. Mtu anaishi Silanga, akitoka mlangoni anakanyaga sukuma wiki za watu, anaenda sokoni Toi kununua jani la kuweka ndani. Asubuhi mabati yakatoa jasho, yakamdondokea usoni akiwa kitandani. Akanipigia simu akilalamika kwamba nyumba inavuja na mvua hakuna. Nikamwambia haivuji, inalia, ingekuwa ni mimi pia ningelia.

Na pazia. Kipimo cha pazia ni upana wa dirisha mara mbili, na kwa mtu mwenye majivuno, mara mbili na nusu. Pazia bila mikunjo ni gunia. Nyinyi mmeambiwa kwamba kitambaa kimoja kilichonyooka ndiyo ustaarabu, na mnauziwa kidogo kwa bei ya kingi, halafu mnashukuru. Wakati wetu mtu akikupunguzia kitambaa mlikuwa mnaenda kwa chifu.

Sasa vitambaa vya makochi, ambavyo mnavicheka. Akoth ananiambia siku hizi mnaviita vya ushamba. Sawa. Lakini vile vya mgongoni vinazuia mafuta ya nywele, vya mikononi vinazuia jasho, na cha mezani kinaficha ile alama ya sufuria ambayo mume wako aliiweka na akakataa si yeye. Kitambaa kikiwa kimelala sawa, mgeni anajua ndani ya nyumba hii kuna mtu anaamka akajali kitu.

Na kuna jambo nyinyi mnalijua, ila simu zimewasahaulisha. Vitambaa vyote havitolewi kwa pamoja ila kwa mambo mawili, kufua na msiba. Hapa Nairobi, uwe Mjaluo, uwe Mluhya, uwe Mkikuyu, mtu akifa, nyumba yake inatolewa viti. Makochi yanabebwa nje, meza inatoka, picha zinashushwa ukutani, na benchi zinaingizwa ndani ili waombolezaji wapate pa kukaa. Mkishazika, vitambaa vinafuliwa, vinapigwa pasi, vinarudishwa mahali pake, na hapo ndipo majirani wanajua matanga yameisha. Hiyo sheria haijaandikwa mahali. Hata mtoto akiona makochi yamepangwa nje ya mlango wa watu, anauliza nani amekufa.

Shikeni hapo, maana hiyo ndiyo ilitaka kumuua Cucu Wangari.

Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, ni mwenye ploti kule Kawangware. Ardhi ni ya familia ya mumewe, toka wakati Kawangware ilikuwa mahindi matupu. Yeye anakaa nyumba ya mawe katikati, na nyumba za mabati za wapangaji zimeizunguka, na kutoka mlangoni kwake anajua nani amepika nini. Alikuwa mteja wangu kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote hajawahi kuniambia asante. Vitambaa alijifumia mwenyewe, pazia tu ndizo alizoniletea, na kila pazia niliyomshonea alikuwa na neno nayo. Ilikuwa ndefu, au ilikuwa fupi, au rangi iligeuka ilipofika kwake. Mimi nilikuwa namjibu. Tulikuwa tunaheshimiana kwa njia hiyo.

Kwa kochi kubwa alikuwa na kitambaa cha tausi. Alimfuma yeye mwenyewe akiwa msichana wa kuolewa, tausi ametandaza mkia upana wote wa kochi. Mgeni hakuruhusiwa kumwegemea huyo tausi. Ulikuwa unakaa wima, mikono magotini, mpaka chai iishe.

Njeri ni mjukuu wake. Alilelewa na Cucu, sasa ni mtu mzima, ana kazi ya ofisi mjini, na ndiye anakaa naye. Msichana mzuri, sina ugomvi naye, na nikiwa mkweli sababu alikuwa nayo. Utoto wake wote, kila Jumamosi, wenzake wakicheza bano, yeye alikuwa anafua vitambaa, anavichovya kwa stachi, anavinyoosha kimoja kimoja kwa jua, na Cucu amekaa mlangoni anamwonyesha palipojikunja. Aliniambia siku moja kwamba akifunga macho anaona ule mkia. Mtu kama huyo akionyeshwa picha ya nyumba isiyo na kitambaa hata kimoja, mbona asiipende?

Basi Cucu akashikwa na kichomi, akalazwa. Daktari akamwambia Njeri kwamba vumbi si zuri kwa kifua cha mzee. Daktari alimaanisha fagia. Njeri alisikia Skandi.

Akamtafuta kijana anayeitwa Kevo, anayejiita mtu wa interior, yaani wa kupamba nyumba. Mnamjua aina yake. Suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu, soksi hana, na anaingia kwa nyumba ya watu akisema hapa tutatoa, hapa tutatoa, hata jina hajauliza. Mama Rispa angemwangalia huyo mpaka ajikune ngozi itoke. Lengo la Njeri lilikuwa Cucu akirudi akute nyumba safi, haina vumbi, ashangae. Na kweli alishangaa.

Kevo na vibarua wake wakabeba makochi, wakayapanga nje ya mlango yakingoja mkokoteni wa kuyapeleka stoo. Kabati kubwa likatoka. Meza ikatoka. Picha za harusi, kalenda za kanisa, zote zikashushwa. Vitambaa, na tausi akiwemo, vikatiwa kwa gunia. Kuta zikapakwa nyeupe. Halafu sasa, sikilizeni vile alirudisha ndani. Akaweka benchi moja refu la mbao ambalo halijapigwa hata vanishi. Akaweka kijimeza na mishumaa mitatu myeupe. Akaweka chupa yenye maua meupe. Na kwa ule ukuta mkubwa akatundika picha moja tu, kubwa, isiyo na rangi, ndani ya fremu nyeusi. Picha ya Cucu. Alisema ukuta unahitaji kitu kimoja cha kuongea.

Na ukaongea. Wapangaji walikuwa wanajua mambo mawili. Cucu yuko hospitali, na makochi ya Cucu yako nje.

Haikuchukua muda. Wanawake wakaanza kuingia na sukari, majani ya chai, unga. Mawe matatu yakawekwa hapo uani, sufuria kubwa ya kanisa ikaletwa, moto ukawashwa. Mmoja akachungulia ndani, akaona benchi, akaona picha ya Cucu na maua, akatoka ameshika mdomo. Hapo hapo nyimbo zikaanza. Kevo alikuwa kwenye ngazi anamalizia kona, na nasikia alifikiri ni mambo ya kanisa la jirani. Akoth wangu alikuwa pale, ndiye alinisimulia, na alipokuwa akinisimulia sauti yake ilikuwa bado imekwaruza, maana naye alilia na wenzake.

Njeri akatoka kazini. Akafika langoni, akakuta watu wanalia, wanaimba, wanamfungulia mikono. Yeye naye akajua Cucu amekufa. Akaanguka pale chini akapiga nduru. Sasa wale waliokuwa bado na shaka wakaona mjukuu mwenyewe analia, wakaongeza sauti. Ilibidi mtu mmoja mwenye akili apige simu hospitali, akaambiwa Cucu yuko macho, amekunywa uji na analalamika kwamba ni mwepesi.

Watu wakacheka, wakanywa ile chai kwa kuwa ilikuwa imeshaiva, wakaenda zao. Makochi yakapelekwa stoo. Njeri akaona yameisha. Hakufikiria kwamba ploti nzima imemlilia mtu ambaye anarudi kesho yake.

Kesho yake Cucu akaletwa nyumbani. Hapo langoni akakutana na mama wa mandazi, mpangaji wake wa siku nyingi, ambaye moyo wake ni mzuri na kichwa ni hivyo hivyo. Huyo mama akamshika mikono kwa furaha, akamwambia, "Cucu, tulikulilia vizuri sana."

Cucu akaitoa mikono yake. Akaingia kwake polepole na fimbo yake. Njeri alikuwa amesimama kando ya mlango, anangoja kuona uso wake. Cucu akaangalia benchi. Akaangalia mishumaa, akaangalia maua, akaangalia uso wake mwenyewe juu ukutani. Akaenda akaketi mwisho kabisa wa benchi, pale wanapokaa watu wasiotaka kusumbua.

"Kumbe mlimaliza," akasema.

Na hakula. Njeri alimletea uji, akakataa. Akamletea viazi vilivyopondwa na njahi, yale maharagwe meusi, chakula ambacho angekigombania na askari, akakataa. Hakuwa amechanganyikiwa, msifikiri hivyo. Alijua tarehe, alijua majina ya wajukuu wote. Alimwambia Njeri kwa upole kabisa kwamba kwao mtu akishalili­wa amekwisha, chakula ni cha walio hai, na yeye hataki kula vya watu. Dawa za hospitali zilikuwa za kumezwa na chakula, kwa hivyo dawa nazo zikakaa. Ule upole ndio ulimtisha Njeri. Cucu Wangari hajawahi kuwa mpole.

Watu wakaitwa wamsihi. Wakaja, na kila mmoja akaharibu zaidi. Mama wa mandazi akamwambia hakuna mwenye ploti kama yeye hapa Kawangware. Wapangaji wengine wakasimama mmoja mmoja wakisema alivyo mkarimu, watu ambao mimi mwenyewe nimewasikia wakimlaani mfereji wa maji ukikauka. Mchungaji akaja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amepigana vita vizuri. Sasa niulizeni, ni nani humwambia mtu mzima aliye hai maneno hayo? Cucu alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, anasikiliza wasifu wake.

Ndipo Njeri akanipigia simu. Alikuwa analia hata hasikiki. Aliniambia, "Mama Akoth, njoo urudishe kila kitu vile kilikuwa. Cucu anakufa kwa sababu yangu."

Nikatoka hapa nimekasirika. Nilimkasirikia Njeri, nikamkasirikia Kevo, nikaikasirikia hiyo Skandinavia na mishumaa yake. Nilipofika nilimkuta Cucu amekonda shingo, ngozi imebaki inaning'inia, na mimi ambaye nimegombana naye miaka yote nikakunja mikono ya nguo. Nikaanza kazi. Makochi yakarudishwa kutoka stoo. Gunia la vitambaa lilikuwa limewekwa karibu na saruji, kwa hivyo ilibidi tufue vyote, na Njeri akafua, hakulalamika hata mara moja. Nikavipiga pasi vikiwa na unyevu, ndivyo inavyotakiwa, ukingoja vikauke mikunjo haitoki. Nikashusha ile picha. Nikaondoa mishumaa. Nikamtandaza tausi kwa kochi kubwa, mkia upande huu na upande ule. Tukamwinua Cucu kutoka kwa benchi, tukamkalisha mahali pake, na benchi nikalitupa nje kwa mikono yangu mwenyewe.

Cucu akapapasa kitambaa cha mkononi. Akakinusa, akasikia sabuni na pasi.

"Mmefua," akasema. "Basi matanga yameisha. Sasa mgawane nguo."

Akafumba macho. Njeri akaketi sakafuni.

Mimi niliyewaambia sheria hiyo hapa sasa hivi, kwamba vikifuliwa na kurudishwa matanga yamekwisha, nilikuwa nimeifuata nukta kwa nukta na sikuona. Nilisimama pale, miguu inaniuma, mikono imeungua kwa pasi, na huyu mwanamke ameamua kufa mbele yangu kwa ukaidi wake. Hasira ikapanda mpaka ikafika kwa mdomo. Nikamwita kwa jina lake tupu, kitu ambacho hakuna mtu wa umri wangu anamfanyia.

"Wangari, huyu tausi wako ni mbaya. Amekuwa mbaya toka siku ulipomfuma. Ni kuku aliyekanyagwa na mkokoteni, na ploti yote inajua, wanakuogopa tu."

Njeri aliweka mikono kichwani. Cucu akafungua jicho moja.

"Ati nini?"

"Umenisikia. Macho yote mawili ameyaweka upande mmoja."

Wueh. Yule mtu akainuka mgongo. Akaniambia kwamba mtu aliyeshona pazia za harusi ya binti yake zikaishia juu ya dirisha, wageni wakaonekana kutoka barabarani, hana ruhusa ya kutaja jicho la mtu yeyote. Nikamwambia vipimo alichukua yeye mwenyewe, kwa shubiri, na vidole vyake ni vifupi. Akasema vidole vyake vilijenga hii ploti mimi nikiwa bado nanyonya huko kwetu ziwani. Nikamwambia ameijenga vibaya, choo kinaangalia jikoni. Akafungua mdomo anijibu, kikohozi kikamshika, akapunga mkono kwa Njeri. Alitaka chai. Alisema hawezi kumjibu mwanamke huyu na koo kavu.

Njeri alikimbia hata akapoteza kiatu. Akaleta chai kwa kile kikombe cha Kevo, cha kijivu, kisicho na mkono. Cucu akakirudisha, akauliza kama yeye ni mfungwa. Kikaletwa kikombe chake cha bati, chenye mkono. Akanywa. Mimi sikunyamaza, maana nilikuwa bado nina mengi, miaka mingi ya mengi. Akachukua mkate akachovya, akala ili apate nguvu ya kuendelea. Nilimtukana mpaka mkate ukaisha, na yeye akanitukana mpaka akaomba dawa zake.

Watu wa Kawangware wanasema nilitumia akili. Akili gani? Nilikuwa nimekasirika. Ni Cucu mwenyewe aliyenieleza siku chache baadaye, na hakunieleza kama shukrani, alinieleza kama mtu anayenilaumu kwa kuchelewa. Alisema makochi angeweza kuyasamehe. Benchi na picha pia. Kilichomwaminisha kwamba amekufa ni watu. Wote walikuja wakamsifu, hata wale anaojua wanamchukia, na yeye ameketi kwa matanga mengi ya kutosha kujua maneno hayo huwa ya nani.

"Maiti hatukanwi," akaniambia. "Wewe ulinitukana."

Rangi nyeupe ilibaki. Alisema inamsaidia kuona vizuri nani anaingia. Vitambaa alivipunguza mwenyewe kwa ajili ya kifua, na Njeri hafui tena kila Jumamosi, hiyo waliiongea wao wawili mlango ukiwa umefungwa. Tausi alipigiliwa ukutani, mahali pa ile picha. Kevo alikuja akampiga picha na simu yake, akasema ndiyo kitu bora ndani ya nyumba nzima, na nasikia sasa anatafuta wazee wengine wamfumie kama huyo awauzie watu wa majumba makubwa. Sina la kusema juu ya Kevo. Ninalo, lakini kuna watoto.

Kwa hivyo mkitaka hiyo Skandi yenu, nendeni kwa Akoth, atawashonea. Wekeni hata huo mti wenu ndani. Kama mnaishi peke yenu, vueni kuta mpaka mbavu zionekane, hiyo ni shida yenu na mvua. Lakini kama kuna mzee ndani, msimtolee kiti chake hajatoka mwenyewe.

Wiki iliyopita nilienda Kawangware kumwona. Kifua kimerudi, na safari hii daktari aliongea na Njeri kando. Njeri alinipokea langoni, macho mekundu, akaniomba kwa kunong'ona nimwambie Cucu maneno mazuri, maana huenda hakuna nafasi nyingine. Nikamwacha hapo langoni na maneno yake mazuri. Nikaingia. Cucu alikuwa kwa kochi kubwa, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, mdogo, pumzi inasikika kutoka mlangoni. Aliniangalia toka juu hadi chini, akauliza.

"Umekuja kunisifu?"

Nikamwambia sijaona cha kusifu, nimekuja kumtukana.

Akavuta blanketi lake upande mmoja, akanipigia kochi kwa kiganja.

"Basi kaa."